Gesi ya ziwa Kivu: Je, Kindu itapata mbolea?

Wakulima wengi wa pembeni mwa Kindu, jimbo la Maniema, wanalima bila mbolea ya kiwandani. Upande wa mashariki, ziwa Kivu lina takriban meta kyubiki bilioni 60 za gesi ya metani, ambayo inaweza kutengeneza mbolea.

Viwanda hupitisha metani na mvuke wa maji juu ya nikeli, kwenye joto la digrii 700 hadi 1,000. Nikeli yenyewe hailiwi. Kazi yake ni kuharakisha. Hidrojeni inayotoka huunganishwa na nitrojeni ya hewani kuwa amonia, na amonia hutengeneza urea.

Ubaya wake: tani 1 ya hidrojeni huacha karibu tani 9 za hewa ya kaboni. Metani ikipasuliwa bila mvuke, kaboni hubaki unga mweusi, lakini unga huo hufunika nikeli na kuidhoofisha.

Rwanda tayari inatumia gesi ya Kivu kuzalisha umeme, megawati 26 katika mtambo wa KivuWatt. Kinshasa nayo ilitangaza zabuni ya vitalu 3 vya gesi mwaka 2022. Wakaaji wa Maniema wana haki ya kuuliza: katika mipango hiyo, mbolea imewekwa wapi, na itafika Kindu kwa barabara gani?