Jalada Gumu Si Ushahidi

Kukusanya riwaya za kijasusi tukiwa Katanga. Sehemu ya pili: Kuitambua chapa ya kwanza

Juma lililopita tulieleza jinsi mkoa wetu ulivyoingia katika vitabu vya majasusi: urani ya Shinkolobwe iliyokwenda kutengeneza bomu la Hiroshima, kuuawa kwa Patrice Lumumba karibu na Élisabethville tarehe 17 Januari 1961, na ndege ya Dag Hammarskjöld iliyoanguka karibu na Ndola miezi minane baadaye. Leo tunaingia katika kazi yenyewe. Umeshika kitabu mkononi. Utajuaje kwamba ni cha chapa ya kwanza?

Anayekusanya vitabu Kasumbalesa ana bahati na mtihani kwa pamoja. Riwaya za Kiingereza humjia kutoka Chililabombwe na Kitwe, za Kifaransa kutoka Lubumbashi, na za Kiswahili kutoka Dar es Salaam, kwa barabara ile ile ya malori ipitayo Tunduma na Nakonde. Kila lugha ina desturi yake ya uchapishaji, na aliyezoea desturi moja hudanganyika akifika kwenye nyingine. Kosa kubwa la wanaoanza ni kuamini kwamba jalada gumu ndiyo alama ya toleo la kwanza.

Tuanze na Kiingereza, maana huko ndiko imani hiyo ilikotoka. Riwaya ya London au New York kwa desturi hutoka kwanza na jalada gumu, na lile jepesi hufuata baada ya mwaka hivi. Juu ya jalada huvalishwa karatasi yenye picha, ambayo wakusanyaji huiita jaketi, nayo hubeba sehemu kubwa ya bei. Ian Fleming alipotoa Casino Royale kwa mchapishaji Jonathan Cape, Aprili 1953, nakala za chapa ya kwanza hazikufika 5,000. Leo nakala ya chapa hiyo iliyopoteza jaketi hupata sehemu ndogo tu ya bei ya ile iliyobaki nayo.

Lakini toleo si chapa. The Spy Who Came in from the Cold ya John le Carré ilitoka kwa Gollancz mwaka 1963, na kwa kuwa ilinunuliwa sana ilirudi mitamboni upesi. Kwa nje nakala za chapa zilizofuata hufanana na za mwanzo. Siri imo katika ukurasa wa haki, nyuma ya ukurasa wa jina. Hapo tafuta neno la kutaja chapa, au, kwa vitabu vingi vya tangu miaka ya 1970, safu ya tarakimu. Tarakimu ndogo kuliko zote zilizobaki ndiyo namba ya chapa: ukikuta 1, ni ya kwanza, ndogo kabisa ikiwa 4, ni ya nne. Random House ya Marekani iliwachanganya wengi, kwani kwa miaka mingi chapa yake ya kwanza ilikuwa na maneno “First Edition” juu ya safu inayoanzia 2.

Sasa klabu za vitabu, kwani nazo hutoa nakala zenye jalada gumu ambazo si za chapa ya kwanza. Book-of-the-Month Club ilianzishwa Marekani mwaka 1926, ikituma vitabu kwa posta kwa wanachama wake. Klabu hupata ruhusa ya mchapishaji, ikatoa nakala zake kwa bei nafuu, mara nyingi kwa karatasi hafifu na vipimo vidogo kidogo. Ili kuitambua nakala ya Kimarekani, fungua pindo la jaketi. Kama hakuna bei na kona haijakatwa, shuku. Tazama kama chini ya pindo kuna maneno “Book Club Edition”. Kisha vua jaketi, upapase jalada la nyuma karibu na kona ya chini: kishimo kidogo cha duara au cha mraba kilichobonyezwa hapo ni alama ya klabu. Kwa nakala za Uingereza, soma ukurasa wa haki. Jina Book Club Associates likiwepo, mambo yamekwisha.

Kwa Kifaransa mambo hugeuka juu chini. Ufaransa riwaya kwa kawaida hutoka kwanza na jalada la karatasi. Jean Bruce alimleta jasusi wake OSS 117 mwaka 1949, miaka minne kabla ya James Bond, katika vitabu vyepesi vya kutiwa mfukoni. Gérard de Villiers alianza mfululizo wa SAS mwaka 1965 kwa njia hiyo hiyo, akauendesha hadi alipofariki mwaka 2013, na kitabu kimoja, Panique au Zaïre, kilikuja mpaka nchini kwetu. Atakayesubiri SAS ya kwanza yenye jalada gumu atasubiri sana.

Basi riwaya ya Kifaransa yenye jalada gumu na jaketi inayong’aa ndiyo ya kuulizwa maswali. Mara nyingi ni ya France Loisirs, klabu iliyoanzishwa mwaka 1970 na kuenea hadi Ubelgiji. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Kwa Kifaransa, kinachojiuza kwa uzuri huenda ni cha klabu. Soma kurasa za mwanzo utafute maneno “Édition du Club France Loisirs”, kisha nenda ukurasa wa mwisho kabisa, ambako Wafaransa huandika “Achevé d’imprimer” pamoja na mwezi na mwaka. Tarehe hiyo ikipita ile ya “Dépôt légal”, yaani ya kitabu kukabidhiwa kisheria, kwa mwaka mzima au zaidi, umeshika chapa ya baadaye.

Je, nakala ya klabu itupwe? La. Anayetaka kusoma hapotezi kitu. Tena zipo riwaya ambazo kwa Kifaransa hazikupata jalada gumu ila kwa mkono wa klabu, na aliyeamua kukusanya majalada magumu hana pengine pa kwenda. Dhambi ni kuiuza kwa jina la chapa ya kwanza.

Kiswahili kina sheria ya tatu. Riwaya zetu za kijasusi zilitoka na majalada ya karatasi, kwa hiyo tunasoma jina la mchapishaji, mji na mwaka. Elvis Musiba alimtambulisha jasusi wake Willy Gamba katika Kufa na Kupona, iliyotolewa mwaka 1974 na East African Literature Bureau. Shirika hilo lilikwisha pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, hivyo jina lake kwenye jalada ni tarehe tosha. Mwaka 1979 ikaja Kikosi cha Kisasi, ambamo Gamba anafanya kazi Kinshasa. Chapa za mwanzo za vitabu hivi ni adimu kwa sababu watu walizisoma: zilipita mikono mingi hadi gundi ikaachia.

Mwisho, usifute mihuri. Wakusanyaji wa Ulaya huona muhuri wa maktaba kuwa doa linaloshusha bei. Kwetu ni cheti. Muhuri wenye jina Élisabethville huelekea kuwa wa kabla ya mwaka 1966, mji ulipoitwa Lubumbashi. Wenye jina Zaïre ni wa kati ya 1971 na 1997. Hausemi kitabu kilipigwa chapa lini, bali unasema kilikuwa hapa lini, na hilo hakuna orodha ya London itakayokuambia.

Ushauri wangu kwa mwenye fedha kidogo: Fleming mwachie tajiri, tafuta Musiba. Nakala za Casino Royale zimekwisha hesabiwa na kuwekewa bima. Za Kufa na Kupona bado zinafungiwa karanga.

Juma lijalo: namna ya kuhifadhi karatasi dhidi ya mchwa, vumbi jekundu na mvua za Novemba.