Mtu wa Nyuma ya Nyota: Utangulizi

Fani hii inachunguza jinsi filamu za makala zinavyoufumbua ufashisti na propaganda yake, na wewe uliye Kigoma au Ujiji huna haja ya kuanzia Berlin. Anzia bandarini. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipandevipande, ikaletwa kwa bahari na reli hadi hapa, ikashushwa ziwani mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha isitekwe. Waingereza wakaiibua, ikarudi kazini 1927. Reli, stesheni, meli, nchi nzima: vyote viliwatoka Wajerumani, na uchungu huo Wanazi wakaufanyia filamu.

Mojawapo ni Carl Peters ya 1941, hadithi ya kuigiza iliyomtukuza mtu ambaye serikali ya Ujerumani yenyewe ilimfukuza kazi 1897 kwa ukatili wake Kilimanjaro. Mkalimani wa Peters humo ni Mswahili wa Dar es Salaam, Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa 1904. Akiwa bado mtoto alipigana upande wa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, na baba yake alikuwa askari wao. Mwaka 1929 alikwenda Ujerumani, akadai mishahara yao ya vita, akanyimwa. Alibaki Berlin, akahudumia wateja mezani, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza. Mwaka uleule wa Carl Peters alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Alifia katika kambi ya Sachsenhausen, Novemba 1944.

Eva Knopf alimtengenezea Husen filamu ya makala, Majubs Reise (Safari ya Majub, jina lake jingine), mwaka 2013. Picha alizokuwa nazo zilikuwa hasa zilezile za sinema za enzi hiyo, Husen akiwa nyuma ya nyota. Knopf anazirudia na kutuelekeza tumtazame yeye, basi. Ndiyo maana namtanguliza Husen kabla ya filamu ya propaganda ya Wanazi, Triumph des Willens ya Leni Riefenstahl (1935), ambayo imepangwa kwa ustadi mno hata mgeni wa fani anaweza kujikuta anashangilia.

Uganda mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 1974 Barbet Schroeder alimwachia Idi Amin, aliyewahi kumsifu Hitler hadharani, ajipange apendavyo mbele ya kamera. Amin akacheka, akatamba, akawakaripia mawaziri, akajianika. Alipochukizwa na filamu hiyo aliwashikilia Wafaransa waliokuwa Kampala mpaka baadhi ya vipande vikakatwa. (Kuhusu uhariri wa filamu, alijua zaidi ya wahakiki wengi.)

Rwanda ni kazi ngumu zaidi. Chuki dhidi ya Watutsi ya 1993 na 1994 ilienea sana kwa redio, RTLM, na mwaka 2003 mahakama iliyokaa Arusha iliwatia hatiani baadhi ya waanzilishi wake. Mwongozaji anayo sauti. Je, aweke picha gani juu yake? Wengi huweka maiti. Naona wanakosea: maiti humwonesha mtazamaji mwisho wa propaganda, humfichia jinsi ilivyopendeza masikioni, ikiwa na muziki na mzaha. Bora aketishwe aliyekuwa akiisikiliza, aulizwe alicheka wapi. Sura ya kwanza inaanza na mahojiano ya namna hiyo.