Blanketi la Mteja Lilichuja Rangi: Makosa Matano ya Kushona Nyumbani Yaliyonifunza Biashara

Leo siji na mbinu ya kupata wateja elfu moja kwa wiki. Nakuja na makosa yangu mwenyewe, na hela niliyoyalipia.

Jumanne moja usiku niliingia WhatsApp nikakuta picha tatu kutoka kwa mteja wangu wa Dar. Ni mama mtu mzima, alikuwa ameagiza blanketi kubwa la vitenge ampe binti yake kwenye send-off Jumamosi ile. Alilipa 130,000 yote, hata hakuomba kupunguziwa. Mzigo ulipofika na basi akaona una vumbi la safari, akaufua.

Kwenye picha, vile vipande vyeupe vilikuwa pinki. Si vyote. Vile tu vilivyokuwa jirani na kitenge chekundu. Yaani ni kama mtu amemwaga juisi ya rozela juu ya kazi yangu ya wiki mbili.

Chini ya picha aliandika: "Mwanangu, hii ni kawaida yake?"

Nitarudi kwenye jibu nililompa. Kwanza mnijue kidogo.

Mimi nashona mablanketi ya vitenge nyumbani, hapa Mbeya. Unakata vipande vya vitenge, unaviunga mpaka vinakuwa uso mmoja. Chini unaweka kitambaa cha kawaida, katikati blanketi jembamba, halafu unapitisha mistari ya cherehani juu ya yote matatu ili yashikane. Wengine wanaita kwilti. Wateja wangu wa mwanzo waliita viraka, na walitaka bei ya viraka kweli kweli.

Sijasomea. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo hayakunipeleka popote, nikaenda kukaa kwa mama mdogo. Alikuwa na cherehani ya kukanyaga, imefunikwa kitambaa pembeni, inawekewa vyombo juu. Nikaanza kuokota mabaki ya vitenge kwa mafundi wa Mwanjelwa, nikajifunza kwa kuangalia video kwenye simu na kwa kuharibu. Baridi ya hapa ya mwezi wa sita na wa saba mnaijua. Mtu wa kununua blanketi hakosekani. Kinachokosekana ni blanketi lililoshonwa vizuri.

Sasa twende kwenye makosa.

KOSA LA KWANZA: KUPUUZA ONYO LA NYUMBANI

Hapa ndipo panapouma. Kile kitenge chekundu nilikuwa nakifahamu. Miezi mitatu nyuma nilishona foronya za nyumbani kwa kitenge kile kile, nikazifua, maji yakawa mekundu na foronya nyeupe ya mama mdogo ikaharibika. Nikacheka, nikasema "kujifunza ni kwa makosa," nikaendelea na maisha. Kilichobaki cha kitenge nikakirudisha kwenye mfuko wa mabaki.

Kumbe sikujifunza kitu. Nilikosea tu, basi. Kosa lilikuja bure nyumbani, nikalikataa, likarudi kupitia kwa mteja likiwa na bei. Wazee walishasema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Siku hizi kitambaa chochote, kipya au mabaki, kinafuliwa kabla ya kukatwa. Vyekundu, bluu iliyokolea na vyeusi naviloweka peke yake kwenye maji ya vuguvugu na sabuni, natupia kipande cha shuka jeupe humo humo, nasubiri nusu saa. Kipande kikitoka cheupe, kitenge kinapita. Kikitoka na rangi, nakifua tena mpaka maji yawe masafi. Kikiendelea kuchuja hakiingii kwenye oda kabisa. Niliambiwa chumvi inashika rangi. Nilijaribu, chumvi ikaisha na kitenge kikaendelea kuchuja.

Kufua mapema kuna faida nyingine: kitambaa cha pamba kinarudi. Ukiunga kitenge ambacho hakijawahi kuguswa na maji pamoja na kile kilichofuliwa mara ishirini, siku ya kufua kimoja kitapungua na kingine kitabaki. Blanketi linajikunja kama karatasi iliyolowa.

KOSA LA PILI: KURUKA BANDI

Blanketi langu la kwanza lilikuwa zuri sana juu. Nikaligeuza chini, nikakuta mikunjo kama uso wa bibi.

Sababu ni hii. Meno ya cherehani yapo chini, yanavuta kitambaa cha chini kwenda mbele. Mguu wa cherehani upo juu, unakandamiza kitambaa cha juu kinabaki nyuma kidogo. Kwenye kitambaa kimoja hilo hulioni. Kwenye matabaka matatu kila mstari unasogeza kidogo, mpaka unafika mwisho una inchi nzima ya ziada haina pa kwenda, inakuwa mkunjo.

Fundi mmoja mama mtu mzima alinitembelea, akaligeuza blanketi, akaniuliza, "Mwanangu, bandi ulipiga?" Nikamwambia nilikuwa na haraka. Akasema, "Haraka umeimalizia wapi? Si bado uko hapa unafumua?"

Sikuwa na jibu. Nilifumua siku mbili. Tena nilifumua kwa wembe, nikachana kitenge sehemu mbili.

Sasa natandika kitambaa cha chini sakafuni, nakivuta kinyooke, nakibana pembeni kwa gundi ya karatasi. Juu yake blanketi jembamba, halafu uso wa vitenge. Napiga bandi kwa mkono, mishono mirefu, mistari ikiachana kama upana wa kiganja. Nikienda kwenye cherehani naanzia katikati naelekea pembeni, ili kitambaa cha ziada kipate pa kutokea. Ukianzia pembeni kuja katikati unakifungia ndani. Mshono naurefusha kidogo pia, mishono kama minane kwa inchi, kwa sababu mishono midogo kwenye matabaka matatu inavuta na kufumua kwake ni adhabu.

KOSA LA TATU: "HAKIONEKANI HICHO"

Nilikuwa nakata vipande vya inchi sita na nusu, vikishaungwa vibaki inchi sita. Maana yake mshono unakaa robo inchi kutoka ukingoni. Mimi nilikuwa nakadiria kwa macho. Kuna mahali inakuwa robo, kuna mahali inazidi. Nikasema hakionekani hicho.

Piga hesabu. Mstari wa vipande kumi una maungio tisa. Kila ungio lina pande mbili. Ukizidisha nusu ya robo inchi tu kila upande, umepoteza inchi mbili na robo kwenye mstari mzima. Mstari unaofuata ukishona sawa, haviendani tena. Utavuta, utalazimisha, na kona hazitakutana.

Dawa yake haikunigharimu hata shilingi. Nilipima robo inchi kutoka kwenye sindano, nikabandika gundi ya karatasi kwenye bati la cherehani, ukingo wa kitambaa unatembea pale pale. Na nikishaunga mistari miwili napima kabla ya kwenda wa tatu.

Muuzaji mwenzangu usiyeshona, hili linakuhusu pia. Gramu chache unazozidisha kwenye kila pakiti ya karanga, mia mbili unayosamehe kwenye kila usafiri, zidisha mara oda za mwezi mzima uone.

KOSA LA NNE: KUBANA MATUMIZI PASIPOSTAHILI

Sindano moja nilishonea mablanketi manne. Ilikuwa inaruka mishono, mimi nalaumu cherehani. Nilikuwa karibu kuita fundi aje afungue mashine. Mama mdogo akaniuliza, "Sindano umebadilisha lini?"

Blanketi kubwa ni mita nyingi za mshono kwenye matabaka matatu. Sindano inakuwa butu, na iliyo butu inasukuma kitambaa badala ya kukitoboa. Sasa kila blanketi kubwa lina sindano yake mpya, namba 14 au 16. Bei yake haifiki soda. Uzi nao niliacha ule wa bei ya chini kabisa unaotoa vumbi na kukatika kila dakika tano. Na kabla sijagusa kazi ya mteja nashona kwanza kwenye kipande cha majaribio chenye matabaka yale yale matatu, ukubwa wa kiganja. Kama uzi unalegea chini au unavutika juu, nauona pale, sio kwenye oda ya mtu.

KOSA LA TANO: BEI YA KUOGOPA

Blanketi la mtoto nilikuwa nauza 20,000. Siku moja nikakaa nikaandika: mabaki ya vitenge 3,000, blanketi la katikati 7,000, kitambaa cha chini 6,000, uzi 2,000. Jumla 18,000. Yaani siku mbili za kukanyaga cherehani, mgongo unauma, napata 2,000. Kosa moja tu likitokea, ninamlipa mteja ili anichukulie blanketi.

Nikapandisha hadi 35,000. Wapo walioondoka, sitaficha. Lakini ndani ya bei hiyo kuna 2,000 ambayo kila blanketi likiuzwa naiweka pembeni. Naiita hela ya makosa. Uzi ukiharibu kazi, kitambaa kikichanika, mzigo ukilowa njiani, hela yake ipo. Ukitengeneza kitu kwa mkono utakosea tu, siku yoyote. Weka hilo kwenye bei kabla halijatokea.

Ile Jumanne ya picha za pinki sikuwa na hela hiyo. Turudi pale.

NILIMJIBU NINI YULE MAMA

Jibu la kwanza nililoandika lilikuwa: "Pole mama, labda ulitumia sabuni kali." Lilikuwa tayari, kidole kiko kwenye kutuma. Angeweza hata kuamini. Ila nilikuwa najua kitenge kile. Ile foronya ya mama mdogo ilikuwa imeanikwa hapo hapo nje, bado ina madoa.

Nikafuta. Nikaandika: "Hapana mama, si kawaida. Kosa ni langu, sikukijaribu kitenge kabla ya kushona. Naomba nikushonee lingine, usafiri juu yangu. Ila sitawahi Jumamosi, naomba unisamehe."

Alichelewa kujibu. Dakika ishirini hivi, kwangu zilikuwa kama mwaka. Halafu akatuma sauti: "Sawa mwanangu. Nimeumia kwa sababu ya binti, siwezi kukudanganya. Shona."

Jumamosi binti alipewa vitenge vya dukani. Blanketi la pili lilifika harusi ikiwa imeshapita. Vifaa vilinigharimu 61,000 na mzigo kwenye basi 10,000, jumla 71,000. Kwenye simu nilikuwa na 23,000. Nilikopa 50,000 kwa mama mdogo, nikalipa kidogo kidogo miezi miwili. La kwanza nilimwambia abaki nalo.

Najua mnasubiri niseme mama yule sasa ni mteja wangu namba moja. Hapana. Alishukuru, akanitakia heri, hajaagiza tena. Wala simlaumu, send-off ya binti hairudiwi.

DAFTARI LA MAKOSA

Baada ya hapo nilinunua daftari la kawaida la shule, nikalichora safu tatu.

Ya kwanza: nini kimetokea. Bila kujitetea. Siandiki "kitenge kilikuwa kibovu," naandika "sikujaribu kitenge chekundu."

Ya pili: kimenigharimu nini, kwa shilingi na kwa masaa.

Ya tatu: kuanzia leo nafanya nini tofauti. Kitu kimoja tu, na kiwe kitu cha kufanya kwa mikono. "Nitakuwa makini" hairuhusiwi kwenye safu hiyo, maana hakuna siku niliyokaa kwenye cherehani nikakusudia kutokuwa makini.

Kila oda mpya, kabla sijakata kitambaa, nasoma safu ya tatu kuanzia juu mpaka chini. Inachukua dakika tatu. Na kila blanketi sasa linaondoka na kikaratasi nilichoandika kwa mkono: fua kwa maji baridi, usiloweke usiku kucha, anika kivulini.

Kukosea hakukufundishi peke yake. Mimi shahidi, kitenge kimoja kilinikosesha mara mbili. Kosa linakufundisha siku unapoliandika na kubadilisha kitu kimoja kwenye namna unavyofanya kazi. Likitokea nyumbani shukuru, maana limekuja bure. Likishafika kwa mteja limekuwa deni.

Haya, zamu yako. Ni kosa gani la biashara limewahi kukutokea mara mbili, na ulibadilisha nini lisije mara ya tatu? Tuandikie hapo chini, kuna mwenzako kesho anakata kitambaa.