Vijikono vya chuma

Jumamosi iliyopita, katika ukumbi mmoja Sinza, MC alipotangaza kwamba maharusi "wamefunga pingu za maisha", mama niliyeketi naye meza moja alicheka peke yake mpaka akapaliwa na soda.

"Wahispania wangemwelewa upesi," aliniambia. "Kwao pingu ni esposas. Na hao hao esposas ndio wake. Wake za watu!"

Mama huyo ni mfasiri na mkalimani wa mahakamani. Jina lake hataki liandikwe. Mimi nilifuata pilau, nikaondoka na neno la Kiingereza la pingu lililonikwama kooni: manacle.

"Hilo ni neno la kubembelezea mtoto," alisema. "Warumi mkono waliuita manus. Wakaudogosha ukawa manicula, kijikono. Hata mpini wa plau, pale anaposhika mkulima, waliuita hivyo hivyo. Likapita kwa Wafaransa, Waingereza wakalipokea karne ya 14, kijikono kikawa chuma. Na Wafaransa wa leo je? Pingu kwao ni menottes. Vijikono! Ndivyo mama anavyoviita vya mwanawe akitaka kuvinawisha."

Akaweka mikono yake juu ya kitambaa cha meza, viganja juu, akaibananisha kama anayengoja kufungwa. Bangili zikagongana.

Neno lenyewe halikutulia mikononi. Katika tamthilia ya The Tempest, ambayo Samuel Mushi aliitia Kiswahili kwa jina la Tufani, Prospero analitumia kumtishia Ferdinand kwamba atamfunga shingo na miguu pamoja. Mshairi William Blake, mwaka 1794, akalipeleka hadi akilini. Na miguu ilikwisha kuwa na neno lake zamani, fetter, lenye nasaba moja na foot.

"Hapo ndipo ninaponyongeka," alisema mama. "Nikiyakuta yote mawili kwenye mstari mmoja, Kiswahili kinanipa pingu, na pingu. Mkatale haunifai, ule ni wa mbao, waliotiwa Paulo na Sila. Basi naandika pingu za mikono na pingu za miguu. Hakimu ameelewa, karani ameelewa. Lakini kile kijikono kimekwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikamuuliza kama aliyebuni pingu za maisha alikuwa anatania au alikuwa anasikitika.

Akatazama jukwaani. Bibi harusi alikuwa analishwa keki.

"Muulize MC, mwanangu."