Kabla hujapepesa jicho, nzi ameshaliwa: Siri ya picha za wadudu wawindaji

Vunjajungu ametulia juu ya ua, miguu ya mbele ameikunja kama mtu anayeomba dua. Nzi anatua sentimita chache mbele yake. Mara pap! Nzi keshabanwa katikati ya miiba ya miguu ile. Mwenye simu anabofya, na akitazama picha anakuta vunjajungu anatafuna tu. Tukio lenyewe limempita.

Si uzembe, ni hesabu. Vunjajungu hukamata windo lake kwa takriban sehemu ya kumi ya sekunde, na mara nyingi chini ya hapo. Binadamu, tangu jicho lione hadi kidole kibofye, huhitaji karibu robo sekunde. Ukisubiri uone ndipo ubofye, umeshachelewa.

Ndiyo maana wapigapicha wazoefu hawalifukuzi tukio. Wanafika kabla yake.

Kumsoma mwindaji

Vunjajungu hutoa dalili. Kwanza hugeuza kichwa kumfuata windo. Kisha huyumbayumba taratibu kama jani kwenye upepo, halafu mwili unasogea mbele. Hapo ndipo mpigapicha huanza kupiga picha mfululizo, hata kama bado hakijatokea kitu.

Anapima umbali. Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walieleza jinsi walivyowavalisha vunjajungu miwani midogo ya 3D, iliyobandikwa kwa nta ya nyuki, na kuwaonyesha windo la bandia kwenye skrini. Walirusha miguu pale windo lilipoonekana kama liko karibu nao.

Kereng'ende naye huwinda akiwa hewani, na majaribio yameonyesha anaweza kufanikiwa hadi mara 95 kati ya 100. Kumfuata kwa kamera angani ni kazi bure kwa wengi. Lakini aina nyingi za kereng'ende zina mazoea ya kurudi kwenye kijiti kilekile. Mpigapicha anakilenga kijiti, anatulia, na mwindaji anarudi mwenyewe na chakula mdomoni.

Milimita moja tu

Tatizo la pili ni ukaribu. Lenzi ya makro ikimpiga mdudu kwa ukubwa wake halisi, sehemu inayoonekana vizuri inaweza kuwa na kina cha milimita moja hivi. Jicho likiwa safi, mguu una ukungu. Dawa yake ni kumpiga mdudu kwa ubavu, ili mwili wote uwe umbali uleule kutoka kwenye lenzi.

Picha nyingi za wadudu waliotulia hutengenezwa kwa kuunganisha picha kadhaa, kila moja ikiwa imelenga sehemu tofauti ya mwili. Windo linalopapatika halitoi nafasi hiyo.

Mwendo nao husimamishwa na flashi. Miaka ya 1970, mpigapicha Mwingereza Stephen Dalton alitumia flashi iliyowaka kwa takriban sehemu moja ya 25,000 ya sekunde. Mdudu aliyekuwa akiruka alikata mwali wa mwanga, na kamera ikajipiga yenyewe. Picha yake ya mdudu akiruka penye maua ni miongoni mwa zilizobebwa na vyombo vya Voyager vilivyorushwa anga za juu na Marekani mwaka 1977.

Picha safi, mdudu mfu

Kwa ugumu huo, wengine hupita njia ya mkato. Mdudu huwekwa kwenye friji mpaka azubae, au hugundishwa kwenye kijiti. Wengine hupanga wadudu waliokwisha kufa, kisha picha inasambaa mtandaoni kama uwindaji wa kweli.

Hasara si ya mdudu peke yake. Mwanafunzi au mkulima anayetaka kujua nani anamla nani shambani anafundishwa jambo ambalo halijawahi kutokea.

Ukiona picha kama hiyo, angalia miguu: mdudu aliyekufa mara nyingi huikunja chini ya mwili. Angalia na macho ya kereng'ende, kwani rangi yake hufifia akifa. Na wadudu ambao kwa kawaida hulana wakiwa wamejipanga pamoja kwa utulivu, jiulize mara mbili kabla ya kusambaza.

Ukitaka kujaribu kwa simu

Nenda asubuhi mapema. Wadudu hupata joto kutoka nje, hivyo kukiwa na baridi huwa wazito. Tumia sehemu ya makro ya simu yako, au lenzi ndogo ya kubana juu ya kamera. Chagua ua linalotembelewa na nyuki na nzi wengi, maana penye mawindo hakosi mwindaji. Sogea polepole, kivuli chako kisimwangukie. Usimpelekee windo, wala usimhamishe alipo.

Wazee walisema anayemgusa vunjajungu atavunja chungu, na jina lake limetokana na imani hiyo. Uamini usiamini, mwenye kamera afuate neno lao: mtazame, usimguse.