Sarafu, Pete au Sanamu ya Kirumi: Ununue Kipi?

Kama una pauni 150 na mnada wa London unafungwa wiki hii, nunua sarafu. Pete ifikirie mara mbili. Sanamu achana nayo.

Warumi walipiga sarafu kwa mamilioni, ndiyo maana hazijaadimika. Kisarafu cha shaba cha karne ya 4, zama za Kaisari Konstantino na wanawe, hukipata kwa pauni 10 hadi 25. Dinari ya kawaida ya fedha ya karne ya 2, gramu 3 na ushee, huanzia kama pauni 50.

Jihadhari na "fedha" ya karne ya 3. Kufikia mwaka 270 fedha iliyobaki ndani haikufika hata asilimia 5. Kinachong'aa ni ngozi nyembamba ya juu, ikichubuka unabaki na shaba. Kwa pauni 20 si mbaya. Kwa bei ya dinari umepigwa.

Fungu la sarafu zisizosafishwa liache. Aliyekuuzia ameshachambua nzuri zote, wewe utabaki kusugua vipande visivyo na sura.

Sasa hesabu. Nyundo ikigonga kwenye pauni 100, madalali wengi huongeza ada ya mnunuzi, tuseme asilimia 25. Juu ya ada hiyo kuna VAT ya asilimia 20. Tayari ni 130. Umetoa bei kwa mtandao? Ongeza kama asilimia 3. Weka posta na bima, unakaribia 150, na benki haijakata chake kwa kubadilisha fedha. Kwa hiyo ukomo wako wa kutoa bei ni 100, si 150. Duka lenye bei kamili ya pauni 130 linaweza kuwa nafuu kuliko mnada unaoanzia 60.

Kwenye vito, hila ni za kuunganisha: pete ya kale yenye kito cha juzi, au shanga za kale zilizotungwa upya. Shanga zilizotungwa upya hazina ubaya, mradi bei iseme hivyo. Muulize muuzaji kipi hasa ni cha kale, akujibu kwa maandishi. Shaba yenye unga laini wa kijani kibichi usiiguse: chumvi inaila kutoka ndani, na kwa unyevu wa Mombasa au Zanzibar haitadumu.

Kichwa cha marumaru ni maelfu ya pauni kabla ya sanduku, bima na vibali. Tangu Juni 2025 Umoja wa Ulaya unadai leseni kwa vitu vya kiakiolojia vya zaidi ya miaka 250 vinavyoingizwa kutoka nje, hata kama bei yake ni ndogo. Ukitaka sura ya Kaisari mezani, nakala ya plasta inatosha, tena haina kesi.

Kesi zipo kweli. Sarafu ya dhahabu inayoadhimisha kuuawa kwa Julius Caesar iliuzwa London mwaka 2020 kwa zaidi ya pauni milioni 3. Historia yake ya umiliki ikabainika kuwa ya uongo, na mwaka 2023 ikarudishwa Ugiriki.

Kwa hiyo kabla ya kutoa bei, mwandikie dalali: nani aliimiliki sarafu hii, tangu lini, risiti iko wapi, na ikithibitika ni bandia nitarudishiwa pesa ndani ya muda gani? Akijibu "mkusanyo wa zamani wa Ulaya" bila jina wala mwaka, nenda kwa mwingine. Dinari kama unayoitaka zinauzwa kila mwezi.