Istilahi za Makabidhiano ya Mgonjwa

Gari la wagonjwa lifikapo hospitali, mambo mawili hukabidhiwa pamoja: mgonjwa mwenyewe na habari zake. La kwanza huonekana kwa macho. La pili hutegemea lugha. Katika makala haya tunakusudia kueleza istilahi chache zihusuzo jambo hilo la pili.

Tendo lenyewe tunaliita makabidhiano. Wapo waliitao rufaa, lakini rufaa ni kumpeleka mgonjwa kutoka kituo kimoja cha tiba hadi kingine chenye uwezo zaidi. Kukabidhi ni kutoa dhamana mkononi mwa mmoja na kuitia mkononi mwa mwingine. Majeruhi aliyeokotwa barabarani hukabidhiwa bila ya rufaa yoyote.

Nchini Uingereza wahudumu wengi wa magari hayo hufuata utaratibu wa mambo sita, uitwao ATMIST. Kwa Kiswahili mambo hayo ni umri, wakati wa tukio, namna ya kuumia, majeraha, dalili, na tiba iliyokwisha kutolewa. Maneno yote tunayo. Ugumu ni kuyatumia bila ya utata.

Tuchukue neno saa. Mhudumu akisema, "Amefungwa ukanda wa kuzuia damu saa mbili," msikilizaji aweza kuelewa kwamba ulifungwa ilipotimu saa mbili, au kwamba umekaa muda wa saa mbili. Tofauti hiyo si ndogo, kwa kuwa kiungo kilichobanwa kupita muda huo kimo hatarini. Heri kusema, "tangu saa mbili usiku", na kuandika 20:00.

Vivyo hivyo, "ana presha" na "ana sukari" hutaja maradhi, wala si kipimo cha sasa. Mwenye kisukari aweza kufikishwa hali sukari yake imeshuka mno. Hapana budi kutaja kipimo: "shinikizo la damu ni 90 kwa 60."

Ama "hana fahamu", ni kauli pana mno. Kipimo cha Glasgow, kilichotangazwa na Graham Teasdale na Bryan Jennett mwaka 1974, hutazama kufumbua macho, kusema na kujongeza viungo. Jumla ya alama zake leo ni kuanzia 3 hadi 15. Tunapendekeza zitajwe alama za kila sehemu.

Tunawaomba walimu wa uuguzi na wafasiri wa miongozo ya tiba wazizingatie tofauti hizi, kwani mgonjwa asiyeweza kusema hana njia ya kusahihisha yasemwayo juu yake.